Barua ya wazi kwa mnaoshika funguo za vitabu vya kumbukumbu

Waheshimiwa wakuu wa hifadhi za nyaraka, masijala za vizazi na vifo, nyumba za ibada zenye vitabu vya zamani, mahakama, na halmashauri zinazosimamia makaburi ya umma,

Habari za kazi. Naandika kama mwanachama wa kawaida wa chama cha watafiti wa nasaba, sio mwenyekiti wala katibu, wenzangu wamenisukumia kazi hii kwa madai kwamba mi ndo naongea sana. Shida yetu naisema mapema kabisa ili msichoke. Tunaomba ruhusa ya kusoma vitabu vya zamani iwe ni utaratibu ulioandikwa na kubandikwa mlangoni, isiwe inategemea nani kakaa mezani siku hiyo na kaamkaje. Na pamoja na hilo mturuhusu tuvipige picha vitabu hivyo na tuvitengenezee faharasa, yaani orodha ya majina na kurasa yalipo, bure, kabla havijaoza. Ni hayo tu, mengine yote humu chini naeleza kwa nini.

Sie ni nani? Ni watu wa kawaida tu. Walimu wastaafu, manesi, wanafunzi, fundi umeme mmoja, madereva, na akina mama wawili ambao hawajawahi kuajiriwa popote lakini kwa kusoma mwandiko wa zamani hakuna anayewafikia. Kila mmoja alikuja na lake, huyu anataka kujua babu wa babu alitokea wapi, yule ana kesi ya mirathi, mwingine alilelewa na watu baki na anamtafuta mama mzazi. Ila ukishakaa kidogo kwenye chama unaona kwamba ukoo wako huwezi kuufuatilia peke yako, maana bibi yako yupo kwenye kitabu kama shahidi wa ndoa ya jirani, shangazi yako yupo kwenye wosia wa mtu usiyemjua, na aliyeliona hilo jina ni mwenzako aliyekuwa anatafuta mambo yake mengine kabisa. Ndo maana tukaungana. Mmoja akifungua kitabu anasoma kwa niaba ya wote.

Sasa hapo kwenye kufungua kitabu ndo penye kisa. Kuna ofisi moja, jina silitaji, ukienda wiki hii unaambiwa karibu, kaa pale, vaa glavu, soma. Ukienda wiki ijayo, kitabu kilekile, unaambiwa hicho ni siri. Siri ya nani, watu wenyewe walishakufa kabla babu yako hajazaliwa! Unaambiwa lete barua, unaleta barua, unaambiwa barua iwe na mhuri, unagonga mhuri, unaambiwa anayesaini yuko likizo. Mama mmoja katika chama chetu, mtu mzima sana, alikuwa anatafuta mstari mmoja tu, mstari wa kuzaliwa baba yake, alizungushwa mpaka siku alipofika akamkuta kijana mgeni kazini, kijana akamtolea kitabu ndani ya dakika chache wala hakujua kama kuna tatizo. Yaani yule mama alihudumiwa kwa sababu kijana hakuwa ameelekezwa kukataa. Huo sio utaratibu jamani, hiyo ni bahati nasibu.

Na tunaelewa kwamba wale wa mezani mara nyingi sio wabaya. Hawana maandishi ya kuwalinda. Akiruhusu halafu bosi akauliza kwa nini umeruhusu, hana karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo jibu salama kwake ni hapana. Ukimpa ukurasa mmoja unaosema vitabu vya mwaka fulani kurudi nyuma viko wazi, vya baadaye vimefungwa kwa sababu hii na hii, anayetaka picha ajaze fomu hii, huyo mtu wa mezani atakushukuru kabla hata sie hatujashukuru.

Nikija kwenye usiri, hoja hiyo naiheshimu na sitaki kuirukia juu juu. Kuna siri za kweli. Japani walianza rejista ya familia ya nchi nzima mwaka 1872 na ndani yake mlikuwa na maandishi yanayoonyesha nani katoka kwenye koo zilizokuwa zinadharauliwa, watu wakawa wanaitumia kuwabagua wenzao kwenye ndoa na kazi, mwaka 1968 serikali ikaifunga na mpaka leo imefungwa. Hapo mi binafsi naona walifanya sawa. Kwa hiyo hatusemi kila kitu kifunguliwe kwa kila mtu. Tunachosema, mipaka iandikwe kama wenzenu walivyoandika. Marekani majina ya kwenye sensa yanafungwa miaka 72, ndo maana sensa ya 1950 ilitoka mwezi wa nne mwaka 2022. Uingereza ni miaka 100, ile ya 1921 ikatoka mwezi wa kwanza 2022. Canada wao wameweka miaka 92. Mnaweza kubishana miaka ipi inafaa, 72 au 100, sie hatuna ugomvi na namba, mkiweka 100 tutasubiri 100, ila tunajua tunasubiri nini na siku ikifika mlango unafunguka wenyewe bila kumbembeleza mtu.

Ndani ya chama nasi tuna masharti yetu. Mtu aliye hai haandikwi kwenye mti wa ukoo unaoonekana na wengine, anawekwa kama kisanduku kitupu chenye neno "hai" basi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mtu aliyefungwa jela, aliyeugua akili, aliyejiua, hayo tukiyakuta tunamwambia kwanza ndugu wa karibu tena kwa faragha, na yeye ndo anaamua. Tumeshakuta mambo mazito na hayajatoka nje ya chumba. Na kama mnaogopa siri za watu kuvuja, tazameni kwenye makampuni ya vipimo vya DNA kwanza. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe iliingiliwa na wezi wa mtandaoni na taarifa za wateja kama milioni 6.9 zikachukuliwa, za watu walio hai, na ndugu zao. Kitabu cha miaka 120 iliyopita kilichojaa vumbi kwenye kabati lenu kinamdhuru nani?

Nimegusa DNA basi nimalizie kabisa, maana kuna mkuu mmoja alituambia siku hizi kuna vipimo, vitabu vya nini tena. Vipimo vinasaidia, baadhi yetu tumepima. Lakini kipimo kinakwambia wewe na fulani mna undugu wa kiasi fulani, hakikwambii kupitia nani. Mabinamu wa kwanza, yaani watoto wa ndugu wawili, wanashea wastani wa asilimia 12.5 ya vinasaba, na babu na mjukuu ni kama asilimia 25, sasa hiyo 25 inaweza kuwa babu, inaweza kuwa shangazi, inaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja, utajuaje bila majina na miaka? Na ukienda mbali zaidi inayeyuka, mabinamu wa nne, yaani wanaokutana kwenye mababu wa kizazi cha tano nyuma, karibu nusu yao kipimo hakiwaonyeshi kabisa kama ni ndugu, wakati karatasi inaonyesha vizuri tu. Mashine inatoa uwiano, jina linatoka kwenye daftari lenu.

Nieleze na kazi yenyewe inavyofanyika, sababu kuna dhana kwamba watu wa nasaba ni wastaafu wanaotafuta kama wana damu ya kifalme. Wapo, sikatai. Lakini kwenye chama mgeni akija anaanza na cheti chake mwenyewe, halafu vya wazazi, anarudi nyuma kizazi kimoja kimoja, haruhusiwi kuruka hata kama kuna shujaa kwenye historia ana jina la ukoo kama lake na anamtamani kweli kweli. Kabla hajagusa karatasi yoyote anatumwa kwa wazee wa familia yake, aulize, arekodi, maana vitabu vinaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi ila mzee wa miaka tisini hasubiri. Kisha ndo anakuja kulinganisha. Na kulinganisha huko ndo kuna utamu, maana karatasi nazo zinadanganya. Cheti cha kifo, tarehe ya kifo tunaiamini sababu iliandikwa siku zilezile, ila tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti hichohicho imetajwa na mfiwa aliyechanganyikiwa, pengine hata hakuwahi kuambiwa marehemu alizaliwa lini. Sensa nayo, utakuta mwanamke ana miaka 30, sensa inayofuata miaka kumi baadaye ana 36, na ya tatu ana 44, kila mtu na hesabu zake. Tarehe zenyewe zinahama, Uingereza mpaka mwaka 1752 mwaka mpya ulikuwa unaanza tarehe 25 mwezi wa tatu, na mwaka huohuo wakaruka siku 11 kwenye kalenda, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kazaliwa mwezi wa pili 1731 kwa hesabu ya leo ni 1732, na asiyejua hilo anaona mtoto kazaliwa kabla wazazi hawajaoana anaanza kuwasema marehemu vibaya bure.

Na hadithi za familia ndo usiseme. Wamarekani wengi sana wanaamini jina la ukoo wao lilibadilishwa na karani pale Ellis Island, kituo walichopokelea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954. Ukweli ni kwamba makarani wa pale walikuwa wanakagua orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli kule safari ilikoanzia, kubatiza watu majina mapya haikuwa kazi yao, na wengi waliobadilisha majina walibadilisha wenyewe baadaye ili wapate kazi au wasisumbuliwe. Hayo yamejulikana kwa sababu orodha za meli zimetunzwa, zimepigwa picha, na mtu yeyote anaweza kuziangalia. Bila orodha tungebaki na hadithi ya karani mjinga, na karani wa watu angesingiziwa milele.

Nakuja kwenye linaloniuma zaidi, nalo ni vitabu kufa. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, sasa na daftari lenyewe likiisha je? Mnasema vitabu viko salama kwa sababu vimefungiwa. Wenzenu wa Ireland walikuwa navyo vimefungiwa vizuri, kwenye jengo zuri sana la hifadhi ya taifa pale Four Courts, Dublin, na tarehe 30 mwezi wa sita 1922, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, jengo likalipuka na kuungua, karne kadhaa za nyaraka zikapaa angani, watu mjini wakawa wanaokota vipande vilivyoungua mitaani. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote zikaenda. Makanisa yaliyotii agizo la kupeleka vitabu vyao hifadhi kuu yalipoteza, na yaliyobaki na vyao huko mitaani vitabu vikapona. Ila kitu ambacho watu wengi hawakijui, na hiki naomba wakuu mkisome polepole, sensa nyingine za huko hazikuuawa na moto. Za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshaharibiwa zamani kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa zikawa karatasi mpya wakati wa vita kuu ya kwanza. Mtu alikaa ofisini akasaini.

Marekani hivyohivyo. Sensa ya 1890, moto ulitokea mwezi wa kwanza 1921 chini ya jengo la wizara ya biashara kule Washington, sehemu ikaungua, sehemu kubwa ikaharibiwa na maji ya kuzimia moto na moshi. Mabaki yakakaa miaka na miaka yanazungushwa, mwishowe Bunge likaidhinisha yatupwe, mwaka 1933. Huenda nyingi ya karatasi zile leo mtaalamu angeziokoa. Halafu 1973 huko St. Louis jengo la mafaili ya wanajeshi likaungua, mafaili kati ya milioni 16 na 18, na hayakuwa na nakala, hayakuwa na mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye filamu), wala faharasa ya kusema hata nini kimepotea. Uingereza sensa yao ya 1931 iliungua 1942, na sio kwa bomu kama mtu angedhani, ni moto wa kawaida tu. Na Cologne, Ujerumani, mwaka 2009 jengo la hifadhi ya mji lilididimia mchana kweupe likaporomoka kwa sababu ya ujenzi wa reli chini ya ardhi. Hizi ni nchi zenye pesa, zenye majengo ya maana. Sie kabati lenu tumeliona, bomba la maji linapita juu yake.

Kinachookoa ni nakala, tena nakala iliyo mahali pengine. Ireland mwaka 2022, miaka 100 kamili tangu ule moto, walifungua hifadhi ya kidijitali iliyojengwa upya kwa kukusanya nakala na dondoo zilizokuwa zimetawanyika nchi mbalimbali, na baadhi zilikuwepo kwa sababu tu zamani kuna mtafiti wa nasaba alikaa akanakili kwa mkono wake, kwa ajili ya ukoo wa mtu mmoja, bila kujua kwamba anaokoa kitu. Watu kama sisi hao! Wenzetu wa Utah, Marekani, walianzisha chama cha nasaba mwaka 1894, mwaka 1938 wakaanza kupiga mikrofilamu, na mwaka 2021 wakatangaza wamemaliza kuzigeuza za kidijitali rola zao kama milioni 2.4, kutoka nchi kibao. Kuna vijiji duniani ambavyo kitabu chake cha asili kimeshaoza na kilichobaki ni ile rola tu.

Mtasema hatuna bajeti. Sawa, hatujaomba bajeti. Kule Uingereza wajitoleaji walianza mwaka 1998 kunakili faharasa ya vizazi, ndoa na vifo inayoanzia 1837, wamefikisha mamia ya mamilioni ya mistari, na kuisoma ni bure. Marekani mwaka 2015 na 2016 maelfu ya wajitoleaji walipitia nyaraka za ofisi iliyowahudumia watu walioachiwa huru kutoka utumwani baada ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, wakatoa majina karibu milioni 1.8. Hilo la pili naomba niliseme vizuri, sababu ni kubwa kuliko namba yake. Kwenye orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 watu waliandikwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, majina yao hayakuandikwa isipokuwa wachache mno. Wengi walitajwa kwa majina kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Kwa hiyo mjukuu wa leo akirudi nyuma anafika 1870 anagonga ukuta, na karatasi za ile ofisi, za mgao, za mikataba ya kazi, za ndoa zilizorasimishwa, ndo mlango karibu pekee. Zilikuwepo miaka yote hiyo zimefungwa kwenye mafungu, wazi kwa mtu yeyote kisheria, ila nani angesoma kurasa milioni moja na nusu bila faharasa? Kuruhusu watu waingie bila kuwapa faharasa ni nusu ya ruhusa.

Na hilo linanipeleka kwa watu ambao vitabu rasmi viliwasahau. Wanawake kwanza, binti anaolewa anabadilisha jina anapotea, kaburini ameandikwa "mke wa fulani". Maskini, vibarua, watoto wa nje, wahamiaji. Ni nadra kukuta kitu kama sensa ya Iceland ya mwaka 1703 ambapo walimwandika kila mtu wa nchi kwa jina, mpaka ombaomba, watu kama elfu 50. Sehemu nyingi watu hawa utawakuta kwenye karatasi ambazo nyie mnaziona takataka: daftari la mahudhurio shuleni, orodha ya mishahara, kitabu cha wagonjwa, kesi ndogondogo za mahakamani, risiti za kodi. Kwa hiyo ombi lingine, kabla hamjateketeza mafaili ya zamani kufuata ile ratiba yenu ya kuteketeza, tutangazieni miezi kadhaa kabla. Hatutazuia. Tutaomba tu tupite tuone kama kuna majina.

Kuhusu namna tutakavyofanya, najua hofu yenu ni kwamba tutaharibu. Tunapiga picha kwa kamera iliyofungwa kwenye stendi, inaangalia chini, mwanga wa pembeni, hakuna flashi, hakuna kukandamiza kitabu kwenye skana ya ofisini mpaka mgongo uvunjike. Penseli tu, kalamu ya wino haiingii chumbani. Chupa za maji zinabaki nje. Mikono iliyonawa na kukauka, na hapa mnivumilie kidogo, hizo glavu za pamba mnazotuvalisha acheni kabisa kwa karatasi, wahifadhi wengi siku hizi wanashauri mikono mitupu iliyo safi, maana ukivaa glavu huhisi ukingo wa karatasi na ndo unaichana, glavu ni kwa picha na vyuma. Halafu jamani ile selotepu! Kila chama cha nasaba kitakwambia adui namba moja wa vitabu baada ya maji na wadudu ni karani mwenye nia njema na selotepu. Ule ute unapenya karatasi, unageuka njano, maandishi yanaondoka nayo. Na laminesheni ni mbaya zaidi, mmeona daftari la zamani limefunikwa plastiki kwa joto mkadhani limepona, hilo limezikwa hai. Wino wa zamani wenye chuma ndani nao unakula karatasi wenyewe taratibu hata bila mtu kuigusa, unakuta herufi zimetoboka zimekuwa matundu, hiyo hakuna kabati litakalozuia, picha tu.

Mpangilio wenu hatuuchezei, fungu lililotoka la tatu linarudi la tatu hata kama tunaona limekosewa, tutawaandikia tu. Kila ukurasa tunaupiga ikiwemo mitupu na majalada, ili mtu asije akasema tumeficha. Kusoma, watu wawili wanasoma ukurasa mmoja bila kuonana, wakitofautiana wa tatu anaamua, na jina linaandikwa kama lilivyoandikwa kitabuni hata kama spelingi ni ya ajabu, marekebisho yanakaa pembeni. Picha zote mnapata nyie kwanza, seti nzima, nyingine inabaki chama, na ya tatu inahifadhiwa mbali na hapo, mji mwingine kabisa.

Kuna jambo moja wakuu wengine watakasirika nikilisema ila nalisema. Makampuni makubwa ya nasaba yatakuja kwenu, kama hayajaja, na mkataba mzuri, tutawaskania kila kitu bure. Msikatae, lakini someni. Mikataba mingine duniani imewapa kampuni haki ya peke yake kwa miaka, na mtu ambaye bibi yake yumo ndani ya kitabu akawa analipa kila mwezi kumuona bibi yake. Mkisaini, hakikisheni picha halisi mnabaki nazo, haki ya peke yake iwe na mwisho unaojulikana, na mwananchi akija kwenye chumba chenu cha kusomea aone bure. Sie tusio na mawakili tunatoa hayo yote bila kuombwa, halafu ndo tunaoambiwa tulete mhuri.

Makaburi nitasema kwa ufupi. Mkitaka kusafisha au kuhamisha makaburi ya zamani tuiteni siku chache kabla, tunapiga picha kila jiwe na kuchora ramani ya nani kalala wapi, maana walio jirani kaburini mara nyingi ni ndugu na hiyo haiandikwi popote. Na waambieni vibarua wasisugue mawe kwa brashi ya waya wala dawa ya kufulia nguo, maji safi na brashi laini yanatosha, jiwe lililosuguliwa kwa waya linameta mwaka mmoja kisha maandishi yanaisha.

Haki hii wala hatukuitunga sisi. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilipitisha Azimio la Dunia kuhusu Nyaraka mwaka 2010, na UNESCO ikaliunga mkono mwaka 2011, na mle ndani imesemwa wazi kwamba nyaraka zifikiwe na kila mtu, kwa kuheshimu sheria na haki za watu waliotajwa humo. Na wajibu wa kuandika ni mkongwe, England waliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukaagiza maparoko wao waandike ubatizo na ndoa mwaka 1563. Makarani wale walikuwa wanaandikia mshumaa, vidole vimeganda kwa baridi, na tunawasoma mpaka leo.

Kwa hiyo tunachoomba kwa vitendo, kila ofisi ibandike ukurasa mmoja unaosema vitabu gani viko wazi, gani vimefungwa na mpaka lini, ada ni kiasi gani kama ipo, na nani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo akiwa likizo yule mwingine. Ombi la maandishi lijibiwe ndani ya siku 30, hata jibu likiwa hapana, ila hapana yenye sababu ili tujue pa kukatia rufaa. Na tusaini makubaliano ya kupiga picha, rasimu tumeshaiandika, ina kurasa mbili, mkitaka kubadilisha badilisheni. Kama mnaona ni mzigo mkubwa, tujaribu na kitabu kimoja kwanza. Mchague nyie wenyewe, tena mtupe kile kilicho hoi kuliko vyote, ambacho kila mtu anaogopa kukifungua. Stendi ya kamera tunayo, watu wa kujitolea tunao, Jumamosi tuko huru kuanzia saa tatu asubuhi, msimamizi wenu akae nasi chumba kimoja muda wote.

Wenu katika kazi,
Mwanachama, kwa niaba ya chama cha watafiti wa nasaba